Kichwa Kinachoanza Kuuma Saa Nne

Wiki hii hatutaongea juu ya chanjo wala juu ya pesa za shule. Tutaongea juu ya biro. Wengi wenu mtasema: biro ni kitu cha wakubwa, sisi tuko sokoni, tuko shambani, tuko nyumbani na watoto. Subirini kidogo. Katika vikundi vyetu hapa Bukavu wako masekretere, wako wanaohesabu pesa za watu, wako wanaofagia biro za mjini kabla jua halijapanda, na wako walimu kama sisi ambao, kila mwisho wa muhula, tunajifungia siku nzima katika chumba kimoja kidogo tukijaza pointi za watoto. Na wewe usiyefanya kazi hiyo, una binti, una dada, una bwana anayeifanya. Akirudi jioni macho mekundu, hataki kuongea na mtu, ni wewe unayemtafutia dawa.

Tuanze na mama mmoja tunayekula naye likelemba. Hatutataja jina lake wala nyumba anayofanyia kazi. Ni sekretere, chumba chake kiko chini, nyuma ya etaji, karibu na choo. Kwa miezi mingi, kila siku ya kazi, ikifika saa nne ya asubuhi kichwa kilianza. Kwanza uzito juu ya macho, halafu koo kukauka, halafu kichefuchefu. Saa tisa alikuwa anahesabu dakika. Lakini siku ya posho jioni alikuwa mzima, na siku ya Mungu aliimba katika korali kuliko wote. Siku ya kwanza kichwa kilimngojea palepale kwenye kiti.

Alitibiwa malaria. Vipimo viwili vya damu havikuonyesha kitu, lakini alimeza dawa hata hivyo, maana kwetu kichwa ni malaria mpaka ihakikishwe kuwa si malaria, na mara nyingine hata baada ya hapo. Alitibiwa tifoidi. Halafu akapata mimba, na hapo kila mtu akapata jibu: ni mimba tu. Sisi pia tulimwambia hivyo. Alitujibu, “Mimba mbili za kwanza hazikuwa hivi,” nasi tukasema kila mimba ina tabia yake. Tunaandika jambo hili na haya, kwa sababu sisi ni mwalimu, tumesoma ISP, na tulikuwa na karibu kila kitu cha kutuwezesha kuelewa.

Siku moja alianguka kwenye mlango wa choo. Sentineli alimbeba nje uwanjani, akamweka chini ya mti, na baada ya nusu saa hewani aliweza kuongea vizuri, ingawa kichwa hakikumwacha mpaka usiku. Yule sentineli ndiye aliyesema neno ambalo hakuna muganga aliyekuwa amelisema. “Mama, ni moshi wa grupu. Mimi pia nikikaa upande ule kichwa kinauma.”

Grupu ya umeme ilikuwa imewekwa ndani ya kolido, chini ya dirisha lake, juu ya kuogopa wezi. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, grupu inawashwa asubuhi na kuzimwa jioni.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana tunapenda kila mama akiige. Hakwenda kulalamika siku hiyo. Alichukua kalenda iliyotundikwa nyuma ya mlango wake, na kalamu mbili. Siku ya grupu alitia alama ya buluu. Siku ya kichwa alitia msalaba mwekundu. Alifanya hivyo majuma matano, bila kumwambia mtu. Siku za grupu zilikuwa tisa. Misalaba ilikuwa kumi na mmoja. Siku tisa zote za buluu zilikuwa na msalaba. Misalaba miwili ilibaki peke yake, bila buluu, na hiyo miwili tutairudia, kwa sababu ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii.

Kwanza moshi. Katika moshi wa grupu, kama katika moshi wa gari na wa makala, mna gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Kile tunachokisikia puani ni vitu vingine vinavyotembea nayo, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa na gesi na pua isijue. Ndani ya damu yetu kuna kitu chekundu, himoglobini, kinachobeba oksijeni kuipeleka kwenye ubongo na mwili wote. Monoksidi ya kaboni inaishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama taksi ambayo mtu mmoja amepanda na hataki kushuka: wengine wanabaki barabarani. Ubongo unakosa hewa, kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inakosa nguvu. Dalili hizo zinafanana sana na malaria, na ndiyo sababu watu wanatibiwa malaria. Ikizidi, mtu analala na haamki.

Kwa mama mwenye mimba ni mbaya zaidi. Gesi inapita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, na inakaa mwilini mwake muda mrefu kuliko inavyokaa kwa mama. Mama anaweza kupata nafuu akiwa uwanjani, na mtoto bado. Vilevile mama mwenye upungufu wa damu anaumia haraka, kwa sababu hana cha kupoteza.

Na hapa tunatoka katika biro kidogo tuingie nyumbani. Katika majira ya mvua, baridi ya mji wetu ikishuka, wako wanaoingiza mbabula yenye makala ya moto ndani ya chumba cha kulala na kufunga mlango. Ni gesi ileile. Makala yakiwa mekundu, bila moshi wowote wa kuonekana, ndipo watu wanajiona salama, na sipo. Mbabula ilale nje.

Turudi mjini. Ugonjwa wa biro si wa Bukavu peke yake, na haukuanza na grupu. Mwaka 1973 bei ya petroli ilipanda sana duniani. Nchi za baridi, Marekani na Ulaya, zilitaka kupunguza moto wa kupashia nyumba, basi wajenzi wakaanza kuziba: madirisha yasiyofunguka, hewa inayozungushwa na mashine. Marekani, kanuni ya wahandisi ilikuwa imesema kila mtu ndani ya biro apewe karibu lita 425 za hewa ya nje kila dakika. Ikashushwa mpaka karibu 140. Muda mfupi baadaye watu wakaanza kulalamika: macho yanawasha, pua imeziba, koo kavu, kichwa, uchovu, akili haikai mahali pamoja. Wakitoka nje, inapungua. Waganga wakiwapima hawakuona kitu. Mwaka 1984 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilisema kwamba inawezekana hadi 30 kwa mia ya nyumba mpya au zilizotengenezwa upya zina malalamiko ya namna hiyo kupita kiasi. Mwaka 1989 kanuni ile ya Marekani ikarudishwa juu, na kwa biro ikapita hata ile ya zamani, karibu lita 565.

Tusichanganye na magonjwa ambayo kweli yana mdudu wake. Mwaka 1976, mwezi wa saba, maveterani wa jeshi la Marekani walifanya mkutano katika hoteli moja ya Philadelphia, na wengi waliugua mapafu, watu 29 wakafa. Mwanzoni mwa 1977 mdudu alipatikana, akaitwa Legionella. Anapenda maji ya uvuguvugu na mashine za baridi. Huo ni ugonjwa wenye jina na dawa. Sisi tunaongea juu ya ule mwingine, ambao unakuacha na karatasi ya laboratwari iliyoandikwa “hakuna kitu”, na mkubwa wa kazi anayesema, “Umeona? Huna kitu.”

Kwetu hatuna baridi ya kuziba nyumba, tunaziba juu ya wezi. Dirisha lina vyuma, kisha mbao, kisha pazia. Etaji mpya zinazoota mjini zimevaa vioo vya buluu kutoka juu mpaka chini, na vingi havifunguki, kwa sababu aliyechora ramani alifikiri mashine ya baridi itafanya kazi mchana kutwa. Kwa umeme upi? Ukiingia saa nane mchana humo, ni kama umefungwa ndani ya chupa.

Halafu mvua. Paa likivuja, ukuta wa nyuma ya kabati la mafaili unapata madoa meusi, na karatasi zinanuka. Hiyo ni kuvu, na hapo Shirika la Afya Duniani halina mashaka: katika mwongozo wake wa 2009 juu ya unyevu ndani ya nyumba, lilisema wakaaji wa majengo yenye unyevu na kuvu wako katika hatari zaidi ya magonjwa ya kupumua na pumu. Kupaka rangi juu ya doa hakusaidii. Doa linarudi, na mvuke wa rangi mpya unaongezeka juu yake. Tulishuhudia biro moja iliyopakwa rangi ya mafuta siku ya tano juu ya kupokea wageni, madirisha yakafungwa ili vumbi lisishike ukutani, na siku ya kwanza wanawake watatu wakafanya kazi wakilia machozi. Fotokopi nayo inatoa vumbi lake la wino na harufu kali. Mashine ile haina ubaya ikiwa karibu na dirisha, ina ubaya ikiwa nyuma ya shingo ya mtu katika chumba cha hatua tatu kwa nne.

Kama unataka kujua hewa ya biro yako, usiulize waliomo. Pua yao imezoea. Muulize mtu anayetoka nje, saa ile anapofungua mlango, kabla hajakaa.

Sasa ile misalaba miwili.

Mama yule alipotuonyesha kalenda, tulifurahi sana juu ya zile tisa, yeye akaweka kidole juu ya zile mbili. Siku hizo umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Grupu ilikuwa kimya. Dirisha lilikuwa wazi. Lakini ilikuwa tarehe za mwisho wa mwezi, siku za ripoti, na mkubwa wake siku hizo husimama nyuma ya kiti chake, hubadilisha barua mara tano, hupiga meza. “Siku hizo,” alituambia, “siwezi hata kwenda kunywa maji.”

Uingereza waliliona jambo hili kabla yetu. Mwaka 1987 utafiti uliochapishwa huko juu ya wafanyakazi 4373 wa biro ulionyesha kwamba wanawake walikuwa na dalili nyingi kuliko wanaume, na makarani na masekretere kuliko wakubwa. Wako watakaosema basi ni udhaifu wa wanawake. Sisi tunasema: angalieni kwanza nani anakaa wapi. Mkubwa ana chumba cha mbele, chenye madirisha mawili, na akichoka anatoka “kwenye mkutano”. Sekretere ana chumba cha nyuma, na akisimama dakika tano anaulizwa alikuwa wapi.

Kisha, mwaka 2006, yalitoka matokeo mengine, ya wafanyakazi wa serikali wa London, zaidi ya watu 4000 katika majengo 44. Hao watafiti walipima jengo na pia waliuliza juu ya kazi yenyewe. Walikuta kwamba, katika majengo yale, mzigo wa kazi uliozidi na kukosa mtu wa kukusaidia vilihusika na dalili zaidi ya jengo lenyewe. Walioambiwa kufanya mengi bila kuungwa mkono ndio walioumwa zaidi.

Tunajua matokeo hayo yanaweza kutumiwa vibaya. Tunaweza kumsikia mkubwa fulani: “Mnaona, hata Wazungu wanasema ni mawazo tu.” Hapana. Kwanza, majengo yale ya London hayana grupu chini ya dirisha la sekretere. Huwezi kuchukua kipimo cha nyumba nzima ukakiweka juu ya nyumba yenye moshi. Pili, kama mzigo na kelele za mkubwa vinaumiza kichwa, hicho si kitu kilichomo ndani ya mama yule. Kimetoka kwa mtu, na mtu anaweza kukipunguza. Misuli ya shingo inakaza, meno yanabanana, mtu hanywi maji, halali vizuri, na mwisho kichwa kinauma kweli. Maumivu hayo si ya uongo eti kwa sababu hayana moshi.

Lakini tuwe wakweli kati yetu pia. Yako mambo tunayokuja nayo kutoka nyumbani. Mwenye pumu, au mwenye pua inayowasha kila vumbi likipita, atasikia kabla ya wenzake. Yeye ni kama jogoo anayewika mapema, asichekwe. Mwenye macho yanayohitaji miwani na hana pesa ya kuinunua atapata kichwa mbele ya ordinatere hata katika hewa ya mlimani. Hata mwenye macho mazuri, akikodolea kioo anasahau kupepesa, na macho yanakauka. Ayainue mara kwa mara aangalie mbali, kwenye kilima, kwenye ziwa kama ana bahati ya kuliona.

Na wengi wetu tunaamka saa kumi ya usiku kutafuta maji, tunawaandaa watoto, tunapanda kwa miguu kutoka Kadutu au tunabanana katika basi kutoka Bagira, tunafika kazini bila kutia kitu tumboni. Saa nne, mwili wa namna hiyo utauma hata ndani ya kanisa. Tunaongeza jambo moja ambalo wanaume hawaliandiki. Wanawake wengi hawanywi maji kazini kwa sababu choo ni kichafu, au ufunguo wa choo uko kwa mkubwa na mtu anaona haya kuuomba. Kukosa maji kunaleta kichwa, na kubana mkojo siku nzima kunaleta ugonjwa wa njia ya mkojo. Ukitaka kujua kama nyumba ya kazi inawaheshimu wanawake, usiangalie saluni ya wageni. Uliza ufunguo wa choo uko wapi.

Mama atajuaje basi kama ni nyumba, ni kazi au ni mwili wake? Kwa kalenda, kama yule. Andika siku ya kuumwa na saa ilipoanza, na kilichokuwepo siku hiyo: grupu, rangi, mvua, ripoti, kutokula, siku za mwezi. Majuma manne au matano yanatosha kuona njia. Ukienda kwa muganga, mpelekee kalenda hiyo na umwambie maneno haya: “Ninaumwa nikiwa kazini, ninapona nikiwa nje.” Muganga hawezi kujua kolido lenu. Na hata hivyo, homa ikiwepo, kipimo cha malaria kifanyike. Hatusemi kila kichwa ni cha biro.

Lakini kwa moshi wa grupu usingojee majuma matano. Mtu akipata kizunguzungu pale grupu inapowaka, atoke nje mara moja, grupu izimwe, milango yote ifunguliwe, na mwenye mimba apelekwe kwenye kituo cha afya hata kama anasema amepona.

Kuhusu sheria: Kodi ya Kazi ya nchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inadai mwajiri alinde afya na usalama kazini, na inaongea juu ya kamati ya usalama, usafi na kupendeza kwa mahali pa kazi. Inampa mama anayezaa majuma 14 ya mapumziko, na anayenyonyesha nusu saa mara mbili kila siku. Yuko pia inspekta wa kazi, ambaye ni kazi yake kupokea malalamiko. Sisi walimu wa serikali tuko chini ya sheria nyingine, lakini moshi hauulizi karatasi ya mtu. Tena, ni vizuri kwenda wengi. Mmoja akilalamika ni “yule mama wa matatizo”. Wanne wakija na kalenda nne zinazosema jambo moja, ni habari.

Yule mama hakufika kwa inspekta. Aliingia kwa mkubwa wake na kalenda mkononi, sentineli akasimama mlangoni kama shahidi. Mkubwa aliangalia, akasema ataona. Aliona baada ya majuma matatu. Fundi alitengeneza kibanda cha vyuma mwisho wa uwanja, chenye kufuli mbili, grupu ikahamia huko, na waya ukavutwa. Hata mafuta ya grupu hayakuongezeka.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, kilo mbili na gramu mia nne. Mama anatuuliza kila mara kama ule udogo ulitoka kwenye kolido. Muganga alimwambia watoto wanazaliwa wadogo kwa sababu nyingi, na kwa huyu mmoja hakuna anayeweza kuapa. Ananyonya vizuri, amepita kilo tano sasa, na tulimbeba wiki iliyopita kwenye mkutano wa kikundi.

Mama amerudi kazini. Kalenda ya mwaka huu imetundikwa palepale nyuma ya mlango. Alama za buluu anazitia bado, kwa mazoea, na hazina msalaba. Misalaba iliyobaki ni ya mwisho wa mwezi tu, na hiyo mkubwa wake bado hajaonyeshwa. Ametuomba tumsindikize siku atakapoipeleka.